Je, Mali ya Serikali Haina Mwenyewe?

Katika maneno yaliyozoeleka ndimini mwa watu, bara na pwani, ni hili lisemwalo kwamba mali ya Serikali haina mwenyewe. Mtu hulisema akicheka, na mwenziwe akacheka naye, kisha lile jambo lililokuwa likiogopwa likatendwa bila ya khofu. Neno lenyewe ni fupi, lakini kazi lifanyayo ni kubwa, kwani humuondoa mwenye mali; na mwenye mali akishaondolewa, mwizi naye hapatikani tena.

Twataka tulipime neno hili leo kwa kitu kimoja tu, nacho ni gunia la mbolea ya ruzuku katika Eldoret na mashamba ya Kaunti ya Uasin Gishu yaliyouzunguka mji huo. Wala msomaji wetu wa Mombasa au Malindi au Lamu asiseme: "Mbolea ya Eldoret yanihusu nini mimi nisiyekuwa na hata jembe?" Mbolea hiyo hushuka Kilindini mbele ya macho yake, mahindi yameayo kwayo ndiyo sima yake, na fedha zilizoifanya rahisi baadhi yake zimetoka mfukoni mwake, kama tutakavyoona. Tena wako katika jamaa zetu walio na maduka huko, na suali lililotushikisha kalamu ni lao.

Suali ni hili. Mtu huja jioni, amepakia gari magunia kumi ya mbolea ya Serikali. Ayauza kwa bei iliyo juu ya ile aliyonunulia yeye ghalani, na iliyo chini ya bei ya soko. Asema hakumuibia mtu: jina lake limo katika daftari, vocha ilimjia katika simu yake, na kulla shilingi iliyotakiwa ameilipa. Je, mwenye duka ayanunue au asiyanunue? Na aliyekwisha kuyanunua na kuyauza, faida aliyoipata ni halali yake?

Hapana budi kwanza tulijue gunia lenyewe lilivyopata kuwa rahisi. Mwezi wa Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka, bei ya mbolea, ambayo ilikuwa imekwisha kupanda tangu mwaka uliotangulia, ilizidi kupaa duniani kote, kwani Urusi ni katika nchi ziuzazo mbolea nyingi kabisa. Gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia likapita shilingi 6,000 katika maduka ya Kenya. Septemba ya mwaka huo Serikali mpya ya Rais William Ruto ikatangaza kuwa mkulima atauziwa gunia kwa shilingi 3,500, na Agosti 2023 bei hiyo ikateremshwa hadi 2,500. Mbolea ikawa yapatikana katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, kama lile la Eldoret na lile la Moi's Bridge, na baadaye katika vyama vya ushirika pia. Machifu na manaibu wao wakatumwa kuwaandika wakulima, kulla mtu na ekari zake; na aliyeandikwa akawa apelekewa vocha kwa simu, yenye idadi ya magunia kwa kadiri ya ekari hizo.

Sasa tufanye hesabu ya sokoni. Kitu kilichokuwa kikiuzwa shilingi 6,500 dukani kikauzwa 3,500 ghalani. Shilingi 3,000 zilizo baina yake hazikuyeyuka. Aliyeileta mbolea kwa meli hakusamehe hata senti moja, wala mwenye meli hakupunguza nauli. Fedha hizo zililipwa na Hazina, nayo Hazina haina shamba wala duka. Ina kodi tu. Mwendesha tuktuk wa Mombasa alilipa: Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani katika mafuta ya gari ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na kulla lita aliyoitia ilikuwa na fungu lake. Mama mwenye kuuza mahamri alilipa katika sabuni aliyoifulia. Watu hawa hawakuulizwa kama wataka kumsaidia mkulima wa Uasin Gishu, walikatwa. Lakini lau wangeliulizwa, twaona wangelikubali, kwani wajua kuwa mahindi yakiadimika Eldoret unga hupanda bei Kongowea. Basi gunia lile lina wenyewe wawili kabla hata halijafika ghalani: aliyelilipia asilolitumia, na yule aliyelipiwa.

Hata neno letu wenyewe la ruzuku lashuhudia haya. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja. Hakuitwi kuruzuku isipokuwa pawe na mwenye kuruzukiwa, mtu wa kujulikana, mwenye haja ya kujulikana. Huwezi kuruzuku hewa.

Ikiwa mambo ni wazi hivi, neno lile limetoka wapi? Sisi hatuoni kuwa watu wa nchi hii wamezaliwa na tabia mbovu kuliko watu wengine. Twaona kuwa neno hili lilikuwa na maana yake zamani, na maana ile imekufa na neno limebaki.

Tazama tarekhe ya Eldoret penyewe. Wazee wa huko hata leo wauita mji huo Sisibo, kwa nambari 64 ya shamba lililojengwa mji juu yake. Makaburu walifika katika uwanda ule na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, ardhi ikagawanywa mashamba, ikapewa nambari, na waliokuwa wakichunga humo kabla yao wakawa wapangaji na vibarua. Mwaka 1942, vita vikuu vikiwa vimepamba moto na chakula kikitakiwa kwa majeshi, Serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kuongeza mazao. Kwa sheria ile mkulima wa Kizungu aliyelima mahindi au ngano alidhaminiwa kiasi cha fedha kwa kulla ekari, hata mvua ingekataa na shamba lisimpe kitu. Tena akapewa msaada wa kuvunja ardhi mpya. Mkulima Mwafrika hakuwamo katika dhamana hiyo, na mahindi yake yakanunuliwa kwa bei iliyokuwa ndogo zaidi. Kodi alitoa, mazao alitoa, na watoto wake walikwenda vitani. Walakini msaada ulipita mbele ya mlango wake ukaingia kwa jirani.

Mtu wa zama zile akisema kuwa mali ya Serikali si yake, alisema kweli. Ilikuwa ni mali iliyotwaliwa kwake ikapewa mwengine, na mwenye kuidokoa akijiona kama ajirudishia haki. Baada ya Uhuru wa 1963 dhamana ile iliendelea kwa miaka, ikawafuata wenye mashamba makubwa, ambao sasa walikuwa Waafrika, na mwenye ekari chache akabaki nje vile vile. Kwa hivyo hatushangai kuwa neno limeishi. Lakini uzee wa neno haulifanyi kuwa kweli. Leo daftari la mbolea lina jina la mwenye ekari mbili, na gunia limewekwa kwa ajili yake. Anayelichukua hamdokoi gavana wala mlowezi. Amdokoa huyo mwenye ekari mbili.

Yuko atakayesema: "Nikubali kuwa fedha ni za watu wote; lakini kilicho cha wote si cha mmoja, na kisichokuwa cha mmoja nitamuomba nani radhi?" Hili ni neno la kujibiwa, si la kupuuzwa, na watu wa pwani ndio wawezao kulijibu upesi kuliko wengine, kwa sababu wamekulia ndani ya miji yenye wakfu. Nyumba ya wakfu haina mwenyewe kwa maana ya mtu mmoja awezaye kuiuza. Aliyeiweka amekwisha kufa, msimamizi wake si mwenyewe, anayekaa ndani si mwenyewe. Je, yupo mzee yeyote wa Mji wa Kale aliyewahi kusema kuwa nyumba ile haina mwenyewe, basi kulla apitaye ang'oe mlango wake? La. Hujua kuwa mali isiyo ya mtu mmoja ina wenyewe wengi zaidi, na waliokuwa bado hawajazaliwa wamo. Na ikiwa wako waliozila mali za wakfu, na tena wako, hawakuweza kuzila mpaka walipobadilisha karatasi kwanza.

Na hili la kubadilisha ndilo lituoneshalo kuwa hata mwenye kulisema lile neno hajalisadiki. Magazeti ya Kenya yameeleza mara kwa mara khabari za watu waliokamatwa wakihamisha mbolea ya ruzuku kutoka katika gunia la Serikali na kuitia katika gunia jengine, ili lionekane ni la biashara ya kawaida. Haya, tumuulize mtu huyo: ikiwa haina mwenyewe, gunia wabadilisha la nini? Na kwa nini usiku, na mlango umefungwa? Mwenye kuokota embe lililoanguka njiani halifuti jina. Kule kubadilisha gunia ni kumkiri mwenye mali kwa mikono baada ya kumkana kwa ulimi.

Katika dini yetu mas'ala haya yana mlango wake maalumu, nao ni ghulul, yaani kuchukua katika mali ya umma kabla ya kugawanywa. Na khabari ya mtumishi aliyekufa baada ya vita vya Khaybar, watu wakampongeza kwa shahada, kisha wakaelezwa na Mtume adhabu ya shuka aliyoichukua katika ngawira, yajulikana na kulla aliyesoma. Hatutarefusha hapo. Twataja tu kwamba waliposikia hayo, mtu mmoja alikwenda akaleta kamba ya kiatu. Hakusema kuwa ni kitu kidogo.

Sasa twende kwenye jambo ambalo sisi twaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika mas'ala haya, na ambalo wengi hawalitaji: wakati.

Mtu wa pwani huzoea mvua mbili, ya mwaka na ya vuli. Ikimkosa hii huitazamia ile. Uasin Gishu si hivyo. Ile ni nchi ya juu, yenye baridi, na mahindi yake hukaa shambani muda mrefu. Hupandwa Machi na Aprili mvua zinapoanza, na huvunwa kuanzia Oktoba. Mwaka mzima una nafasi moja ya mahindi. Ekari moja yataka kama gunia moja la mbolea ya kupandia, ambalo huingia ardhini pamoja na mbegu, siku ile ile. Na baadaye mahindi yakifika magotini yataka mbolea ya kukuzia. Mbolea ya kupandia ikifika wiki tatu baada ya mbegu, hiyo si mbolea iliyochelewa. Imekuwa kitu chengine. Ni chumvi iliyoletwa baada ya watu kunawa mikono.

Kwa hivyo mtu aliyeandikiwa ekari kumi naye ana mbili, akatoa ghalani magunia yote kumi mwezi wa Machi, hakuchukua zile shilingi 3,000 mara nane tu. Ghala likisha, mlinzi hufunga lango na kuwaambia waliobaki warudi wiki ijayo. Mwanamke aliyetoka na pikipiki ya kukodi kabla ya alfajiri, vocha yake ikiwa katika simu na fedha zake zimefungwa katika kanga, hurudi mikono mitupu, na nauli imekwenda. Wiki ijayo mvua imekwisha kunyesha. Apande bila ya mbolea avune nusu, au angoje apande kwa kuchelewa avune vivyo hivyo. Alichoporwa mwanamke huyo ni Oktoba yake, ada ya skuli ya Januari, na chakula cha mpaka mavuno mengine. Na mporaji hakumuona uso.

Fedha hurejeshwa, hata kwa kulazimishwa na kadhi au hakimu. Msimu haurejeshwi. Hili ndilo lililodhihirika mwaka 2024. Mwezi wa Machi mwaka huo, wakulima wakiwa wamo katika kupanda, ilifichuliwa na waandishi wa khabari kuwa baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa jina la mbolea ya ruzuku, na kutoka katika maghala ya Bodi yenyewe, hayakuwa na mbolea ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Kelele zikawa kubwa. Bunge la Taifa likapiga kura tarehe 2 Mei kumuondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, 149 wakikubali na 36 wakikataa. Kamati ya wabunge 11 ikaketi, na kwa sauti 7 dhidi ya 4 ikasema kuwa tuhuma hazikuthibiti, akabaki kazini mpaka Julai, Rais alipolivunja baraza karibu lote la mawaziri. Sisi hatuna hukumu ya kuongeza juu ya mtu huyo. Twalitazama neno moja tu katika khabari ile: fidia. Serikali iliahidi kwamba aliyeuziwa gunia bovu atapewa gunia zima. Ni jambo jema, na bora kuliko kunyamaza. Lakini gunia la Mei silo gunia la Machi. Mbegu iliyopandwa juu ya mchanga imekwisha kuota, nyembamba na manjano, na mkulima ausimamia mwaka wake wote ukiwa umesimama mbele yake na yeye hawezi kuufanya kitu.

Aliyetia mchanga katika lile gunia labda alijiambia kuwa aiibia Serikali. Hakuna hata punje moja ya khasara ile iliyobaki kwa Serikali.

Tulikwisha kuona mfano wa haya miaka kadhaa kabla ya hapo, na mara ile ilikuwa ni upande wa kununua. Mwaka 2017 palikuwa na ukame, unga ukapanda, Serikali ikaingia kati: paketi ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90, na mahindi yakaruhusiwa kuingia kutoka nje bila ya ushuru. Baadaye, ili mkulima wa ndani asiumie, Bodi ikatangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei iliyokuwa juu sana ya soko. Papo hapo wakazuka "wakulima" ambao hakuna aliyewahi kuwaona shambani. Waliinunua nafaka rahisi mahali pengine wakaiuza kwa Bodi, wakalipwa mabilioni, na ilipofika 2018 wakulima wa kweli wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa na malori katika foleni, wengine wamekwisha kutia mahindi ghalani na hawajalipwa, na wataka fedha za kununulia mbolea ya msimu mpya. Wakuu kadhaa waliondoka kazini, wengine wakapelekwa mahkamani, na Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Lakini fedha za kumsaidia mkulima zilikuwa zimekwisha, na aliyelipwa kwanza ni yule asiyekuwa na jasho ndani yake.

Msomaji atatuambia: "Basi hao wa mabilioni ndio wa kuandikwa, mwacheni huyu wa magunia kumi." Hoja hii husikika sana, na ina utamu. Nasi twakubali kuwa dhambi ya mkubwa ni kubwa na kuwa sheria humuona mdogo upesi zaidi, na hilo ni dhulma ya peke yake. Lakini fikiri kidogo. Aliyekula bilioni moja Nairobi amewala watu milioni nyingi, kulla mmoja kwa kidogo. Hawajui, wala wao hawamjui. Aliyetoa magunia manane yasiyokuwa yake katika ghala la Moi's Bridge amewala watu watatu au wanne, nao wamo katika foleni nyuma yake, na yamkini mmoja ni jirani yake aliyemuamkia asubuhi ile. Udogo wa wizi wake ndio uliomsogeza karibu na aliyemuibia.

Na chifu aliyeziandika ekari za karatasi kwa ajili ya mjomba wake, tusimsahau. Yeye hakubeba gunia wala hakuuza. Aliandika tu. Lakini kalamu yake ndiyo iliyolipa gunia jina la uwongo, na mengine yote yalifuata baada yake kihalali mtupu: vocha kihalali, malipo kihalali, kutoka langoni kihalali.

Sasa lile gumu. Yuko mkulima wa kweli, ana ekari nne za kweli, amepata magunia yake manne kwa haki. Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ada. Auza magunia mawili dukani, apanda ekari mbili kwa mbolea na mbili bila ya mbolea. Je, huyu naye ni mwizi?

Watu wawili wenye ilimu wakikaa juu ya suali hili huenda wakakhitalifiana. Mmoja atasema: mtu aliyepewa mchele wa zaka akauza kibaba kimoja anunue dawa hana lawama, kwani amekwisha kumilikishwa, na mali yake ni mali yake. Mwengine atasema: la, hii si zaka. Huyu mfano wake ni mwanafunzi aliyepewa chumba katika nyumba ya wakfu kwa sababu asoma. Hakupewa chumba, amepewa kukaa. Akikikodisha kwa mfanyabiashara naye akaenda kulala kwa shangazi yake, amevunja sharti ya aliyeweka, hata kama fedha za kodi amenunulia vitabu.

Sisi twaelekea kwenye kauli ya pili. Mbolea ile haikutolewa kwa mkulima kwa kuwa yeye ni maskini. Maskini wa Eldoret mjini asiyekuwa na shamba hakupewa, na pengine ana dhiki kubwa zaidi. Ilitolewa kwa ekari ili mahindi yaongezeke na watu wote wale. Aliyelipa kodi Mombasa amenunua mahindi ya Oktoba, kwa namna ya kusema, naye hana khabari kuwa yamekwisha kuuzwa Machi. Walakini hatumwiti huyu mwizi, wala hatumweki katika safu moja na mwenye ekari za karatasi. Amevunja sharti kwa dhiki, na mwenye kuumia wa kwanza ni yeye. Lawama kubwa ni ya yule anayekaa karibu na ghala na fedha taslimu, anayejua tarehe ya skuli kufungua na tarehe ya mbolea kufika, na kuzikutanisha.

Hapa pia pana neno la kuwaambia watungao mpango. Ruzuku itolewayo kwa hesabu ya ekari humpa mwenye ekari mia moja mara hamsini ya mwenye mbili. Huenda huo ukawa ndio uchumi. Wataalamu watasema mahindi ni mahindi. Lakini mwenye mia moja angelinunua mbolea kwa bei yoyote, na mwenye mbili asingelinunua. Kutoa sawa kwa kulla ekari si kutoa sawa kwa kulla mtu, na mwaka wa 1942 ulitosha kutufundisha hilo.

Tuwarudie wenye maduka. Lile gari la jioni lenye magunia kumi, mwenye duka asilinunue. Hahitaji kuchunguza kama polisi. Bei yenyewe imemwambia: gunia lililo juu ya bei ya ghala na chini ya bei ya soko halina njia nyingi za kufika hapo. Kusema "mimi nimenunua kwa fedha yangu, sikuuliza" hakumuondoi, kwani kutokuuliza kwake ndiko anakokilipia kile kipunguzo. Na aangalie pia kuwa jirani yake mwenye duka la pembejeo, aliyeleta mbolea kwa bei kamili, hataweza kushindana na gunia hilo. Atafunga, na siku ambayo ruzuku itaondolewa hapatakuwa na duka.

Watu wa pwani walilionja jambo hili kwa mkono wao wenyewe. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, Serikali ilitangaza unga wa kilo 2 kuuzwa shilingi 100. Mara unga ule ukaadimika madukani, na maduka mengine yakauza kwa bei ya zamani wakisema kuwa wa bei mpya haujafika. Mpango ukaisha baada ya wiki nne hivi. Mama wa Likoni aliyezunguka maduka matatu akitafuta paketi ile, lau angeliambiwa siku hiyo kuwa unga ule haukuwa na mwenyewe, jibu lake lingelikuwa kali.

Aliyekwisha kuyanunua na kuyauza, mtaji wake alioutoa ni wake. Faida si yake. Magunia yaliyobaki dukani ayarejeshe ghalani, hata kama hatolipwa kitu. Kwa yale yaliyokwisha kwenda, ikiwa amjua mkulima aliyekosa kwa sababu yake, fedha ni za mkulima huyo. Ikiwa hamjui, na mara nyingi hatomjua, asizitie msikitini akajiona amesafika, kwani wenyewe hawako msikitini. Wako katika foleni ya ghala lile lile. Aende kwao na gunia, alilolinunua kwa bei ya soko, amtafute aliye na ekari mbili za kweli aliyerudishwa mikono mitupu, ampe. Na asingoje mpaka mavuno ili atoe pamoja na sadaka zake nyengine. Mtu huyo ahitaji gunia Machi.